Kisii wana jani, Pwani tuna mwani

Mtu wa Pwani apandaye basi la kwenda Kisii huwa ameonywa mapema juu ya baridi na mvua. Jambo asiloambiwa ni migomba. Tangu Keroka hadi Nyamira, na tangu mjini Kisii hadi Ogembo, nyumba zimezama ndani ya migomba, na palipobaki nafasi pamepandwa chai, mahindi au wimbi. Hapana shamba lililolala. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Kwa upande wa Kisii, hao ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Ardhi ni haba, watu ni wengi, na kila kiotacho hupewa kazi.

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mgomba una kazi moja ambayo wengi huitazama kila siku bila ya kuiona. Ni kazi ya jani lake. Mikungu ya ndizi hutandikiwa majani chini isichubuke, na hufunikwa majani juu isiunguzwe na jua. Lori linalopakiwa kwenda mbali hujazwa majani katikati ya mikungu, yakawa ndiyo godoro la safarini. Kamba ya kufungia kuni, miwa au mafungu ya mboga huchunwa katika gome kavu la mgomba huo huo. Na jikoni jani limekuwa kifuniko na sahani tangu enzi za mababu. Hata ugali wa wimbi, ambao Wakisii huuita obokima, una kapu lake la kusukwa liitwalo ekee, na maziwa yana kibuyu chake.

Vyombo vyote hivi vina tabia moja, nayo ni umri wao. Jani la mgomba huishi siku mbili tatu baada ya kukatwa, na chakula kilichofungwa ndani yake hakihitaji zaidi ya hapo. Kazi ikiisha, jani hutupwa. Ng'ombe akalila, au likaoza chini ya mgomba uliolizaa. Hapana mtu aliyeajiriwa na baraza la mji kulizoa. Chakula na kifungio chake huzaliwa pamoja na kufa pamoja.

Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana ndilo tutakalolitumia kupimia yote yafuatayo. Kwani nasi watu wa Pwani, ambao hatuna migomba mingi kama ya Kisii, tuna mmea wetu uotao baharini ambao unaweza kufunga chakula kisha ukatoweka. Mmea huo ni mwani. Swali ni kama tutaufanyia kazi wenyewe, ama tutangoja kuuziwa.

MSALA UPITAO

Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ndivyo tulivyofanya, bara na pwani. Plastiki ile nyepesi ya kutengenezea mifuko iligunduliwa Northwich, Uingereza, mwaka 1933, na mfuko wa dukani wenye mishikio kama tuujuavyo ulipewa hakimiliki na kampuni moja ya Sweden mwaka 1965. Ulipofika kwetu ulionekana neema. Ulikuwa mwepesi, wa bei ndogo, haupitishi maji, na ukiukunja waingia mfukoni. Muuza mboga wa Keroka na muuza samaki wa Kongowea wote waliupokea kwa mikono miwili. Jani likaonekana ni jambo la kishamba, na kikapu cha ukili kikaachiwa mabibi vizee.

Kumbe mgeni huyu hakuwa na siku ya kuondoka. Plastiki haiozi. Hukatikakatika vipande vidogo vidogo ambavyo hubaki udongoni na majini. Kule Kisii na Nyamira, mito ya Gucha na Sondu hukusanya takataka za milimani na kuzipeleka Ziwa Viktoria. Huku kwetu, mitaro ya mvua hupeleka zetu baharini. Lamu, punda wameugua na hata kufa kwa kula mifuko iliyotupwa vichochoroni. Mwaka 2005 marehemu Profesa Wangari Maathai alionya kwamba mifuko hiyo, ikishika maji ya mvua, huwa mazalio ya mbu waletao malaria.

Serikali ya Kenya ilijaribu mwaka 2007, na tena mwaka 2011, kupiga marufuku mifuko iliyo myembamba mno, lakini haikufua dafu. Ndipo ilani ya Februari 28, 2017, ikatoa miezi sita, na kuanzia Agosti 28 mwaka huo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikawa haramu kuitengeneza, kuiuza na kuitumia. Adhabu iliyowekwa ni faini ya shilingi milioni mbili hadi milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi miaka minne, au yote mawili. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa kupiga marufuku yake mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019.

Sheria hiyo ilikuwa na faida, na mwenye macho ameona. Walakini sheria hukataza mfuko, haifungi chakula. Mkate, maziwa, unga na bidhaa nyingine zinazofungwa kiwandani ziliruhusiwa kubaki ndani ya plastiki. Aliyebaki kutafuta njia ni mchuuzi mdogo, ambaye mali yake yote ya siku ni shilingi mia chache, huku adhabu inayomning'inia kichwani ni ya mamilioni. Huyu hufunga viazi karai na bajia kwa karatasi yoyote aipatayo. Na hapa sisi wa magazeti tunapaswa kukiri jambo kwa haya kidogo: habari tunazokesha kuziandika, asubuhi ya pili hunyonya mafuta ya bajia. Heshima hiyo twaishukuru, lakini wino wa gazeti haukutengenezwa kuliwa, na mafuta ya moto huutoa wino karatasini ukaingia chakulani.

FALUDA ILIYOKAUKA

Zamani watu wa Pwani hawakuwa na shida hii. Halua ya Unguja iliuzwa katika vikapu vidogo vya ukili. Sinia ya chakula ilifunikwa kwa kawa. Samaki alifungwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni kwanza ili lilainike lisipasuke. Lakini juu ya hayo yote tulikuwa na elimu nyingine ambayo hatukuijua kuwa ni elimu. Elimu hiyo imo katika faluda.

Mama wa Kiswahili apikaye faluda ya futari, ile ya maziwa iliyotiwa iliki na arki, huchemsha agari katika maji mpaka iyeyuke, akaichanganya na maziwa na sukari, akaimimina katika sinia ipoe. Ikipoa hushikana, ikakatwa vipande. Agari hiyo inayoishikanisha imetokana na mwani mwekundu wa baharini. Tena, mpishi yeyote ameshaona kwamba matone yaliyomwagika pembeni mwa sinia, yakiachwa hadi kesho, hukauka yakawa ngozi nyembamba, angavu, inayobanduka kwa ukucha. Basi ngozi ile ndiyo habari yetu ya leo. Wataalamu wa nchi kubwa wanapotangaza kuwa wamevumbua kifungio cha chakula kitokanacho na bahari, kwa asili yake wanazungumza juu ya tone la faluda lililokauka bila ya maziwa wala sukari.

Mwani una aina nyingi, na kila aina ina ute wake. Mwani mwekundu hutoa agari, na hutoa pia ute uitwao karajinani. Mwani wa kahawia, ambao kwetu husukumwa na mawimbi ukajazana ufuoni, hutoa ute uitwao alijineti. Njia ya kuupata haina ajabu nyingi. Mwani huoshwa chumvi na mchanga, hukaushwa, huchemshwa katika maji yenye dawa kidogo, na ule ute ukachujwa. Ute ukiyeyushwa tena katika maji ya moto, ukatiwa gilisarini kidogo ili usiwe mkavu wa kuvunjika, kisha ukatandazwa mwembamba juu ya bapa na kuachwa ukauke, hubanduka ukiwa utando unaoweza kukunjwa, kushonwa kwa joto na kuandikwa. Gilisarini ndiyo ile ile iuzwayo dukani kwa kujipaka.

Alijineti ina muujiza wake wa pili. Tone lake likitumbukizwa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu, hujivika ngozi papo hapo. Kwa ufundi huo vijana wawili, Rodrigo García González na Pierre Paslier, walitengeneza mjini London vifuko vidogo vya maji vinavyoweza kumezwa pamoja na ngozi yake. Katika mbio ndefu za London za Aprili 2019, wakimbiaji waligawiwa vifuko zaidi ya 30,000 vya aina hiyo vikiwa na kinywaji ndani, badala ya chupa za plastiki. Aliyetaka alimeza, na asiyetaka alitupa, kwa kuwa ngozi ile huoza katika muda wa wiki chache kama ganda la tunda. Kampuni yao, iitwayo Notpla, iligeukia pia kupaka ute wa mwani ndani ya maboksi ya chakula, na mwaka 2022 ilitunukiwa zawadi ya Earthshot ya pauni milioni moja.

MWANI HUENDA, FAIDA HAIRUDI

Habari hizo za London zingetufurahisha zaidi kama zisingegusa kidonda. Sisi ndio wakulima wa mwani. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akichunguza mwani wa ufuo wetu na kuhimiza ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kikaenea hadi Pemba. Wakulima wanane katika kila kumi ni wanawake. Kwa upande wa Kenya, kilimo hicho kimeota mizizi Kibuyuni, karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, kwa msaada wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye makao yake Mombasa.

Kazi yenyewe ina jasho. Bahari ikipwa, hasa siku za bamvua, akina mama hushuka na vigingi na kamba. Kila kamba hufungwa vitawi vya mwani kimoja kimoja, ikawambwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, mwani ukabebwa kichwani hali unachuruzika maji ya chumvi, ukaanikwa juani, ukatiwa magunia. Mwenye kazi hii huinama kutwa, akachomwa na jua mgongoni na kuumwa macho kwa mng'aro wa maji.

Na baada ya taabu hiyo, sehemu kubwa ya mwani huuzwa ukiwa mkavu, haukusindikwa, kwa bei ndogo inayopangwa na mnunuzi. Husafirishwa Ulaya, Marekani na Asia, ukatolewa karajinani huko, kisha karajinani hiyo ikaturudia ndani ya dawa ya meno, malai na maziwa ya pakiti. Bei tunayoinunulia haina uhusiano na bei tuliyouzia. Wako waliojitahidi kuukata mnyororo huu. Dakta Flower Msuya wa Zanzibar amekuwa kwa miaka mingi mstari wa mbele kuwafunza akina mama kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta na vyakula. Sabuni ya mwani ya Unguja leo inanunuliwa na watalii. Lakini sabuni ni mlango mmoja tu. Kila mtu hula kila siku, na kila kiliwacho nje ya nyumba hufungwa kwa kitu. Huo ndio mlango mpana.

Kuna na hatari nyingine. Bahari inazidi kuwa na joto, na ile aina ya mwani yenye ute mzito na bei bora, ambayo wakulima huiita kotonii, imekuwa ikifa sehemu nyingi za Unguja tangu miaka ya 2000. Imebaki zaidi ile aina nyembamba, spinosumu, ambayo bei yake ni duni. Mkulima asiyekuwa na chochote ila mali ghafi hupigwa mara mbili: na joto la bahari, na mizani ya mnunuzi.

TUPIME KWA BIDHAA ZA KISII NA NYAMIRA

Maneno matamu hayafungi chakula. Hebu na tuchukue bidhaa tatu za milimani tuone kama bahari yaweza kuzifaa.

Ya kwanza ni chai. Viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na Tombe kule Nyamira, na vya Ogembo, Kiamokama na Nyamache kule Kisii, hupeleka chai yao Mombasa kwenye mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Zamani chai ilisafiri katika masanduku ya mbao nyembamba. Siku hizi hutiwa magunia ya karatasi nene yenye bitana ya kuzuia unyevu. Hapa mwani umeshindwa, na ni vyema kusema kweli. Utando wa mwani huzuia mafuta na huzuia hewa barabara, lakini maji ni asili yake. Huuvuta unyevu kama chumvi. Chai iliyofungwa kwa mwani mtupu ingefika bandari ya Kilindini imeshika uvundo.

Ya pili ni chakula kilichopikwa. Mahamri, viazi, kuku wa kukaanga na samaki wa kukaanga huliwa katika saa moja au mbili, Kisii kama Mombasa. Adui wa kifungio chake ni mafuta, ambayo karatasi tupu haiyawezi. Ndiyo sababu karatasi nyingi za vyakula vya mafuta hupakwa plastiki au dawa nyingine ndani, na ikishapakwa plastiki si karatasi tena. Haiozi sawasawa wala haifai kusindikwa upya. Hapa mwani umeshinda. Kazi ya saa mbili, mafuta hayapiti, kisha boksi likatupwa jalalani likaoza pamoja na mabaki. Utakumbuka kipimo chetu cha jani la mgomba: chakula na kifungio chake kufa pamoja.

Ya tatu ni ndizi yenyewe. Mkungu ukatwao Kisii ukiwa kijani, ukitaka kufika Mombasa, una safari ya kilomita 800 hivi. Ndizi hupumua. Kadiri inavyopumua hutoa hewa inayoziivisha jirani zake, na njiani joto huharakisha mambo. Zinazofika zimepondeka ama kuiva kupita kiasi ni hasara ya mkulima wa Nyamira, kwani mchuuzi hupiga hesabu ya uharibifu kabla ya kutaja bei.

Dawa moja ya hasara hii nayo imo baharini, tena katika jaa la wavuvi. Maganda ya kamba na kaa yana kitu kigumu ambacho wataalamu hukiita kaitini. Ganda likilowekwa katika tindikali hutoka chokaa yake. Likitiwa magadi makali hutoka nyama iliyosalia. Na likichemshwa tena katika magadi makali zaidi, kaitini hugeuka ikawa kaitosani, unga mweupe unaoyeyuka katika siki. Majaribio ya nchi nyingi yameonyesha kwamba ndizi ikichovywa katika maji ya kaitosani na kukauka, huvikwa ngozi nyembamba isiyoonekana, ikapumua polepole na kuchelewa kuiva, na ukungu ukapungua ganda. Ni kifungio kisichohitaji kufunguliwa, kwa maana humenywa pamoja na ganda la ndizi. Katika Ghuba ya Ungwana, inakomwaga Tana, na pwani ya Malindi, inakomwaga Sabaki, kamba wamevuliwa miaka na miaka. Maganda yao hutupwa, yakanuka, watu wakaziba pua. Wachache hujua kwamba wanaziba pua mbele ya mali.

HALALI, AFYA NA UKWELI

Msomaji Mwislamu ana haki ya kuuliza swali lake: kitu kitakachogusa chakula, au kuliwa pamoja nacho, kimetoka wapi? Swali hili si dogo. Utando mwingi wa kuliwa umetengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na hata yule ng'ombe hujui alichinjwa vipi. Ute wa mwani hauna shaka hiyo. Ni mmea wa baharini. Kwa upande huu kifungio cha mwani kingekuwa na soko lake tayari, si Mombasa na Unguja peke yake, bali hata mjini Kisii, ambako wako Waislamu wa siku nyingi, wakiwamo Wanubi, na hata Maskati na Dubai.

Kaitosani inahitaji tahadhari zaidi. Wengi wetu wa mwambao ni Mashafii, na kamba ni kitoweo chetu. Lakini wako ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaojiepusha naye. Aidha wako watu ambao miili yao haipatani na kamba, wakila huvimba au kushindwa kupumua. Basi tunda lililochovywa katika dawa hiyo hapana budi liandikwe wazi, mnunuzi ajue na achague mwenyewe. Uaminifu katika biashara ni nusu ya biashara.

Ukweli mwingine unaopasa kusemwa ni juu ya vifungio vinavyouzwa kwa jina la kuoza. Si vyote viozavyo kama viandikwavyo. Kuna plastiki zilizotengenezwa kwa mahindi au miwa ambazo huoza katika mitambo maalumu yenye joto la kiasi cha nyuzi 58 kwa wiki nyingi. Ukiitupa ufuoni hukaa kama plastiki nyingine. Kuna na zile zilizotiwa dawa ya kuzikatakata, ambazo hugeuka unga wa plastiki na kuendelea kuwa plastiki. Kipimo cha mwananchi ni chepesi: kifukie kifungio katika udongo wenye unyevu, ukiweke na jani la mgomba kando yake, uvifukue baada ya miezi miwili. Mwenye kusema kweli utamjua.

NDOA YA MGOMBA NA MWANI

Tumeona kuwa jani la mgomba lina ila zake. Hupasuka, halishiki mchuzi, na halikai. Tena mkulima hawezi kuyakata majani yote, kwani mgomba unaotoa mkungu wahitaji majani manane hivi ili ndizi zijae. Utando wa mwani nao una ila yake ya kuvuta maji, na peke yake bei yake ni kubwa. Lakini ila za hao wawili hazifanani, na hapo ndipo penye heri.

Mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukishakatwa, shina lile kubwa huangushwa likaoza shambani, na kizazi kipya kikachipua ubavuni. Shina hilo lina nyuzi nzuri ambazo nchi nyingine hutengenezea karatasi na nguo. Kisii na Nyamira, ambako migomba haihesabiki, mashina huanguka kila siku. Sasa tufikiri pamoja: karatasi nene ya nyuzi za mgomba kutoka Kisii, iliyopakwa ndani ute wa mwani kutoka Kibuyuni. Karatasi itashika umbo, ute utazuia mafuta. Boksi la viazi karai lenye mama Mkisii na baba Mdigo. Likitumika saa mbili laoza, na hapana mfuko wa kigeni uliohusika.

Viungo vya chakula hiki tunavyo. Kuna Chuo Kikuu cha Kisii milimani na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyote viwili vilivyopewa hati zao mwaka 2013. Iko taasisi ya bahari Mombasa. Wako akina mama wa mwani na wakulima wa migomba. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha mkeka mmoja, na mtaji wa kununua mitambo ya kuchemsha na kuchuja, ili mwani uache kusafiri ughaibuni kutafuta sufuria. Serikali ambayo imeweza kuandika faini ya milioni nne haishindwi kutafuta mkopo wa mtambo mmoja Kwale na mwingine Kisii. Mchuuzi aliyekatazwa mfuko anastahili apewe mbadala, naye ataifuata sheria bila ya kuviziwa na askari.

Kwa sasa, kila mmoja ana la kufanya. Mwenye hoteli na aulize karatasi yake imepakwa nini. Misikiti inayofuturisha mamia ya watu na ijaribu mwaka huu kuandaa tende katika makawa na vikapu vya ukili, ambavyo mafundi wake wangalipo, badala ya vijisahani vya plastiki vinavyojaza mtaro wa msikiti hadi Idi. Na mama mpika faluda, matone yakikauka pembeni mwa sinia, na awaite wanawe wayabandue, awaambie kwamba wenzao wa mbali wamepata utajiri katika kitu hicho hicho.

Wakisii hawakulisahau jani, ijapokuwa msala wa plastiki ulipita kwao kama ulivyopita kwetu. Nasi tusiusahau mwani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole cha milimani kikikutana na cha pwani, chawa huyu wa plastiki atakuwa na siku chache.